Titi la Koko, Kijiko cha Mama

Titi la kwanza nililofundishia kazi hii lilikuwa soksi. Ilikuwa soksi yangu mwenyewe, ya kahawia. Siku yangu ya kwanza kazini Mama Devota aliniambia nivue viatu, nami nikadhani ni adabu ya kuingia hemani. Akachagua soksi ya kulia, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akairudisha imejaa vitambaa, ncha yake imeshonwa kwa uzi mweusi. Akanisimamisha mbele ya wanawake waliojaa kwenye mabenchi, akasema, "Haya, Papa Lisansi, onyesha hawa mama namna ya kunyonyesha."

Lisansi ndiyo shahada niliyokuwa nimetoka nayo chuo kikuu, na nadhani nilikuwa nimeitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ninyi mnaoanza kazi ya lishe leo mna titi la plastiki linalofanana na titi, mna video kwenye simu, na wengi wenu ni wanawake. Mimi nilikuwa kijana asiye na mke wala mtoto, nimeshika soksi yangu mbele ya kina mama ambao kila mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Nilieleza kwamba mtoto afungue mdomo wote, asishike chuchu peke yake bali na ule weusi unaoizunguka, kidevu kiguse titi, pua ibaki huru. Yote yalikuwa sahihi. Nilipomaliza, mama mmoja aliinua mkono na kuuliza kwa upole kama soksi ilikuwa imefuliwa.

Walicheka hadi watoto wakaamka. Mama Devota hakunitetea. Alikuwa muuguzi kutoka Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyeanza kazi ya kina mama na watoto wakati mimi bado nanyonya. Aliamini kwamba mwanaume akitaka kuingia kazi hii, achekwe kwanza. Kisha wanawake watamsikiliza. Ilikuwa kweli. Tangu siku ile nilijulikana kama Papa Lisansi kutoka Munigi mpaka Kibati, pembeni mwa Goma, na wanawake ambao wasingemwambia bwana wa lishe neno lolote, walimwambia Papa Lisansi kila kitu, pamoja na mambo ambayo sikuyauliza.

Nimeacha kazi mapema kuliko nilivyopanga. Proje, yaani mradi ulionilipa, ilifungwa, na goti langu la kushoto, baada ya kutembea miaka yote hiyo juu ya mawe ya volkano, likakataa kuendelea. Sasa nakaa nyumbani, naandika andika, namkosoa mke wangu anavyopika uji wa wajukuu wa jirani, naye ananikumbusha kwamba watoto wetu walikua bila kuomba maoni yangu. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Mengi ya hayo mtayapata vitabuni. Liko moja ambalo sikulikuta kitabuni, nalo hunirudia kila nikiona shu, ile kabichi ya sokoni. Nitalifikia.

Kwanza uji, maana ndio ulionipa mkate.

Huku kwetu tunauita busera. Mara yangu ya kwanza kufundisha busera kule Kanyaruchinya, kati ya mahema ya wakimbizi, nilifika na karatasi ya mapishi niliyoipenda sana. Maziwa, yai, unga, sukari kidogo, mafuta. Niliisoma kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Wanawake walisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha mmoja wao akauliza, "Papa Lisansi, na ile kuku yenye itataga hilo yai, italala kwa hema ya nani?"

Mama Devota aliichukua karatasi yangu, akaitazama pande zote mbili kana kwamba labda nyuma kuna kitu, akawashia nayo mbabula, jiko letu la makaa. Halafu akaniambia niwaulize wana nini. Hiyo ndiyo njia tuliyoifuata baadaye: sufuria moja kubwa, kila mama alete alicho nacho. Huyu analeta kopo la unga wa mahindi, yule kiganja cha maharage, mwingine fungu la mchicha wa lengalenga alilochuma kando ya njia. Asiye na kitu analeta makala, yaani makaa, na asiye na makala anakoroga. Na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, ndivyo vilikuwa yai letu. Vikaushe, vikaange bila mafuta mpaka vilie kwenye sufuria, vitwange, chekecha. Kijiko kimoja cha unga wake ndani ya bakuli la mtoto, na tone la mawese. Kama maharage, yaloweke, uyamenye ganda, ndipo uyaponde. Tumbo la mtoto halina ugomvi na maharage, lina ugomvi na ganda lake.

Na uzito wa uji. Nisipowaachia jingine, shikeni hili. Ukiinamisha kijiko na busera ikamwagika kama chai, hujampa mtoto chakula, umempa maji ya moto yenye rangi. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Likijaa maji, hakuna nafasi tena. Busera nzuri inang'ang'ania kijiko kidogo, kisha inaanguka kwa kusitasita.

Kabla ya miezi sita, titi tu. Hata maji hapana. Hilo lilikuwa gumu kufundisha hapa. Wanawake waliniambia mtoto atakauka kwa vumbi hili jeusi, na mimi niliyekuwa nakunywa maji mbele yao kila baada ya sentensi sikuwa na uso wa kubishana. Lakini mnajua maji yale yalitoka wapi, na bidon, lile dumu lililoyabeba, ilibeba nini jana yake. Mnazijua pia shida za maji kwenye nchi ya mawe. Hapa maji yakikumwagikia, usihangaike kutafuta kitambaa. Hayatuami, hayafanyi tope. Yanaingia kati ya mawe, na mahali pale panakuwa kama hapajawahi kulowa.

Vipimo navyo vilibadilika mikononi mwetu. Zamani tulimvalisha mtoto kaptula ya kitambaa na kumtundika kwenye mizani, akaning'inia pale akilia, na mimi nikisoma mshale kwa uso wa daktari mkuu. Baadaye tukawapa kina mama utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto, wapime wenyewe nyumbani. Kijani ni salama, njano angalia, nyekundu kimbia. Niliunga mkono kwa maneno. Moyoni niliumia kidogo kuona kazi niliyoisomea inafanywa na mama huku anamenya viazi, tena bila kuacha kuzungumza.

Sasa Koko Kahindo.

Koko ndilo jina tunalomwitia bibi. Yeye na familia yake walitoka upande wa Rutshuru. Siku ya kukimbia vita, binti yake Masika alikuwa ameenda shambani kuchimba viazi vya kula njiani, amemwachia mama yake mtoto, kivulana cha miezi mitatu kwa jina la Asifiwe. Barabara ikakatika kati yao. Koko alingoja mpaka jirani wa mwisho alipopita, akamfunga mtoto mgongoni, akafuata watu. Alifika Kanyaruchinya bila habari yoyote ya binti yake, na haikupita muda wanawake wa mahema ya karibu wakaanza kumtaja Masika kwa ile sauti ya chini tunayowatajia marehemu.

Mtoto alikuwa amekonda. Koko alikuwa akimpa maji ya sukari na busera nyepesi, kwa umri ule. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza Koko hatari ya kila kimoja, nikiwa na vidole tayari kwa kuhesabia, Mama Devota aliponigusa bega ninyamaze. Alikuwa anatazama kitenge cha Koko. Kitenge kilikuwa kinacheza.

Akaomba ruhusa, akakiinua. Asifiwe alikuwa ameshika titi la bibi yake na kulivuta kwa nguvu zake zote.

"Ni juu anyamaze tu, mama," Koko akasema, akifunika haraka.

Mnajua desturi hiyo. Mtoto akilia na mama hayupo, bibi humlaza kwenye titi lililokauka apate usingizi. Hakuna anayeita hiyo kunyonyesha, na mwanamke wa umri ule haoni fahari kuonekana. Wenzake wa mahema walikwisha kumwona na kumchokoza kwa mzaha: ati Koko anarudi kijana, kesho watamtafutia bwana. Naye aliwajibu, "Mumutafute mwenye shamba." 

Mama Devota hakucheka. Alitazama mashavu ya mtoto, akasikiliza, akaniambia nilete sonde, ule mrija wa mpira mwembamba kabisa, na kikombe cha maziwa ya matibabu.

Nilikuwa nimesoma habari zake chuoni, ukurasa mmoja ambao mwalimu aliuruka. Ncha moja ya mpira inabandikwa juu ya titi, ifike kwenye chuchu. Nyingine inazama kwenye kikombe. Mtoto akinyonya titi, maziwa ya kikombe yanapanda kwenye mpira na kuingia mdomoni mwake. Yeye anadhani titi linatoa, kwa hiyo hachoki. Na titi nalo, likivutwa kila siku, linaanza kukumbuka kazi yake. Mwanzoni kikombe kinakaa juu, karibu na chuchu, ili maziwa yaje kwa urahisi. Mtoto akipata nguvu unakishusha kidogo kidogo, avute zaidi. Lazima mtu akishike. Wauguzi walikuwa na kazi, wanawake wengine walikuwa na watoto mikononi, na mtu pekee mwenye mikono mitupu pale ndani alikuwa mimi.

Basi nikapiga magoti kando ya mwanamke wa umri wa mama yangu, kikombe cha plastiki ya bluu kifuani pake. Kwenye hotuba za chuo hakuna aliyesema lisansi yangu itaishia hapo.

"Papa," Koko akaniambia, uso wake umegeukia volkano, "weye angalia kikombe. Usiniangalie miye."

Nikaangalia kikombe. Nilikiangalia asubuhi na alasiri, wiki baada ya wiki, hata leo ningeweza kuwachorea ukingo wake, pale mtoto wa mtu alipoacha alama za meno. Nilikuwa naangalia maziwa yanavyopungua, maana ndivyo nilivyojua kwamba mtoto amekula. Na asubuhi moja maziwa hayakupungua. Nilisikia Asifiwe akimeza, gluk, gluk, lakini kikombe kilibaki palepale.

"Koko, sonde imeziba," nikasema.

Akamsogeza mtoto vizuri mkononi.

"Haijaziba," akasema.

Nikasahau amri yake, nikainua macho. Pembeni ya mdomo wa mtoto palikuwa na tone jeupe, na tone lile halikutoka kwenye kikombe changu.

Mama Devota alikuja, akaangalia, akatoka nje ya hema akajifanya anatafuta kitu. Wanawake walikuja mmoja mmoja kushuhudia. Mizaha haikuisha, ila ilibadili njia. Sasa walimwambia Koko awaachie na wao dawa. Asifiwe akanenepa. Utepe wake ukatoka nyekundu, ukapita njano, ukafika kijani. Alipotimiza miezi sita tukamwanzishia busera, naye akaila kwa mkono wa Koko, na titi likaendelea.

Ningependa kuishia hapo. Ripoti yetu iliishia hapo.

Masika alirudi siku ya vipimo, Asifiwe akiwa na miezi minane. Alikuwa amekwama upande wa pili, akazunguka kwa njia ndefu, akauliza hema kwa hema. Sikumjua. Niliona tu mwanamke mwembamba amesimama mbele ya Koko, na mtoto anamtazama mgeni kama mtu aliyekosea hema. Masika alikaa chini palepale kwenye mawe, akafungua blauzi, akanyoosha mikono. Asifiwe akaficha uso kifuani mwa bibi yake.

Maziwa ya Masika yalikuwa yamekauka. Alitueleza baadaye, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba siku zile za kwanza alikuwa anajikamua nyuma ya nyumba za watu, juu ya majani, mpaka homa ikampanda. Kisha maziwa yakapungua, kisha yakaacha. Alipojua tulichomfanyia mama yake, alikuwa na neno moja tu.

"Ile kampira mulifanyia mama, munifanyie na miye."

Tulijaribu. Mama Devota alibandika, mimi nikashika kikombe, na Masika hakujali ninaangalia nini. Lakini mtoto wa miezi mitatu na mtoto wa miezi minane si mtu mmoja. Huyu alikuwa na harufu yake, sauti yake, mahali pake pa kulaza shavu. Alimuuma Masika, akajitupa nyuma, akamtafuta Koko kwa macho na kwa pua. Tukamwomba Koko akae mbali. Mtoto akalia mpaka akapaliwa. Tukajaribu akiwa na usingizi, akiwa na njaa, akiwa ameshiba. Kila mara Masika alifunga blauzi yake polepole, kifungo kwa kifungo, na kusema tutarudia kesho.

Ndipo Koko alipokuja na wazo lake. Apake titi lake mubirizi, lile jani chungu tunalolitumia kumwachisha mtoto. Asifiwe achukie titi la bibi, atageukia la mama. Masika alikubali kabla mama yake hajamaliza kusema.

Mama Devota alikataa. Alisema titi la Masika bado ni tupu, na mtoto atakosa huku na huku. Alisema Asifiwe hana kosa lolote katika haya.

Masika akasimama.

"Mutoto ni wangu ao ni wa proje?"

Mimi, mwenye lisansi, nikaangalia kikombe, ingawa mkononi sikuwa nacho.

"Ni wako," Mama Devota akajibu. "Njo maana nakupatia kazi ya nguvu. Titi abaki nayo Koko. Busera ni yako, yako peke yako. Mutu mwingine asiguse ile kijiko."

Ndivyo tulivyogawa mtoto. Saa ya busera, Koko alichukua bidon yake akaenda kupanga foleni ya maji, mbali, upande ambao upepo haukuleta harufu yake. Masika akabaki na bakuli. Siku za mwanzo Asifiwe alimtemea usoni, kwenye nywele, kwenye kitenge cha kuazima. Tulimfundisha yale mnayofundishwa na ninyi: usimlazimishe, usimshike pua, kaa mbele yake macho kwa macho, kula kidogo wewe kwanza aone, mwache atumbukize mkono kwenye bakuli hata akichafua. Zungumza naye. Hilo la mwisho alilifanya kwa namna yake. Alimgombeza. "Unanitemea? Sawa. Na miye nilikubeba mimba wakati wa kupalilia, na sikukutemea." Kijiko. "Unajua hii sambaza nani ameitwanga? Ni miye. Koko yako hana mukono wa kutwanga." Kijiko. Mtoto alisikiliza matusi hayo akiwa amefunga mdomo, lakini alisikiliza.

Sijui ilikuwa baada ya muda gani. Nilikuwa napita na mizani begani nikaona Asifiwe amefungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Masika naye aliona. Mkono wake ukasimama hewani, akasahau kuusogeza. Mtoto akangoja, akachoka kungoja, akampigia kelele ya hasira, na ilikuwa kelele ya mtu anayemwita wa kwake.

"Anatukana miye," Masika akaniambia, machozi yanamtoka. "Papa Lisansi, unasikia vile ananitukana?"

Kuanzia hapo Asifiwe alikuwa na mama wawili wenye saa zao, na wote tulijisifu. Mtu wa proje alipiga picha ya kijiko.

Kisha mahema yakaondolewa. Mnajua ilivyokuwa, sina haja ya kueleza. Watu waliambiwa warudi kwao, na waliokuwa na mahali wakaenda, na wasiokuwa na mahali wakaenda pia. Mume wa Masika, ambaye hatukuwa na habari zake, alikuwa amepatikana Butembo. Lori lilikuwapo siku ile, kesho halijulikani. Koko alikuwa anabaki Munigi, kwa mtoto wake wa kiume. Asifiwe alikuwa anakaribia kutimiza mwaka.

Niliwakuta barabarani. Nilimpa Masika mfuko wa unga wa sambaza na mawaidha yangu ya mwisho: aongeze busera, na viazi vya kuponda, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa vizuri akiyapata. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayejua. Asifiwe alikuwa mgongoni pake anatafuna kipande cha kiazi. Koko alikaza fundo la kitenge, akarudia kulikaza, akasema, "Muende." Lori lilipoondoka alinigeukia, na sikuwa nimemuuliza kitu.

"Mutoto anafwataka mama yake," akasema.

Nilikwenda zangu nimefurahi. Mtoto mzima, mama amepata mwana, mwana anakula. Mkitafuta ni nani aliyekosea katika habari hii mtarudi mikono mitupu, nimetafuta.

Siku chache baadaye, kwenye kituo cha afya cha Munigi, nilimkuta Koko kwenye benchi la kina mama, kati ya wanawake wenye watoto. Nilidhani amemsindikiza mtu. Nikamsalimia kwa mzaha, nikamuuliza kama wamempata yule bwana mwenye shamba. Hakucheka. Alikuwa amejikumbatia, kitenge kimevutwa mpaka shingoni, na mbele kitenge kilikuwa kimelowa.

"Papa Lisansi," akasema, "muliita maziwa, ikakuya. Sasa muiambie iende."

Matiti yake yalikuwa magumu kama mawe, na alikuwa na joto. Mtoto kwenye benchi alipolia, mtoto wa watu, maji yakamtoka Koko kifuani na machoni kwa pamoja, naye akatazama chini kama mtu aliyejikojolea mbele ya watu.

Nilitafuta kichwani ukurasa wa hilo. Tulikuwa na ukurasa wa kuyaleta. Wa kuyaaga hatukuwa nao. Mama Devota alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Nikampigia simu, nikamweleza. Akanipa maelekezo kwa ile sauti yake ndogo, nami nawapa ninyi. Majani ya shu, yaoshwe, yapoe, yawekwe juu ya titi, yabadilishwe yakinyauka. Kitambaa cha kushikilia bila kubana. Akamue kidogo tu, maumivu yapungue, asimalize, maana titi linalomalizwa linajaza tena. Homa ikipanda, apelekwe kwa daktari asicheleweshwe.

"Hatukuuliza," akasema mwishoni. "Tuliona mutoto, tukaona mama. Koko hatukumuuliza siku ya mwisho itakuwa namna gani."

Hilo ndilo nililotaka kuwaandikia. Kila mtu wa Goma anajua kwamba hema linaweza kuondolewa kesho. Tulikuwa na miezi ya kumpunguzia mtoto titi taratibu, mara moja kwa siku, kisha moja tena, Koko akaachana nalo kama wanawake wengine wanavyoachana nalo. Hatukufanya hivyo, kwa sababu mkono wa Asifiwe ulikuwa kijani, na utepe wa kupimia Koko hakuna aliyewahi kuukata. Mtakapomwita mtu aje kulisha mtoto, awe shangazi, awe bibi, awe jirani, kaeni naye siku ileile ya kwanza mzungumze na habari ya siku ya mwisho. Ataona mnamharakisha. Mzungumze tu.

Nilienda sokoni nikaleta shu. Koko alilitazama, akaniuliza kama nataka apike. Nilipomweleza, akacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku ile, akasema kwamba ameishi mpaka kuvalishwa shu. Halafu akaniomba kikombe.

Tulienda nyuma ya kituo, kwenye uwanja wa mawe meusi, ambako hakuna mtu. Akageukia volkano. Nikapiga magoti, goti likanilaumu, nikashika kikombe kifuani pake kama zamani. Alijikamua mwenyewe, polepole, akiuma meno.

"Unafikiri anakula?" akauliza.

"Anakula, Koko. Masika anajua."

"Ndiyo. Ule anajua."

Alipoona inatosha akafunga kitenge, akachukua kikombe mkononi mwangu. Alikitazama kidogo. Hakikuwa kimejaa. Kisha akakiinamisha, na maziwa yakaingia kati ya mawe, na mahali pale pakawa kama hapajawahi kulowa. Akanirudishia.

Safari hii hakuniambia niangalie wapi. Nikaangalia kikombe.